Mizunguko ya Rawya Juu ya Paa

Tangu mimba yake itimize miezi mitatu, miguu ya Rawya haikuwa mali yake tena. Ilikuwa mali ya mama mkwe wake, Hajati Tafida, na Hajati hakuwa na mpango wowote wa kuitumia. Waliishi ghorofa ya tano ya jengo la zamani lisilo na lifti, mtaani Shubra, jijini Kairo, na humo kila kitu kilipanda chenyewe. Hajati aliteremsha kikapu kwa kamba kutoka roshani, akainama na kumpazia sauti muuza mboga hadi barabara nzima ikanyamaza: "We Hamdi! Nyanya kilo mbili! Na usinichanganyie zilizopondeka, nakuona!" Kikapu kikarudi kimejaa. Rawya yeye yuko kwenye kochi, mto kiunoni, mbele yake bata wa kuokwa na bakuli la wali wa maziwa.

Kumbuka huyu ni mwanamke aliyefundisha mpira wa mikono shule ya wasichana kwa miaka sita. Alikuwa na firimbi iliyowatetemesha wasichana wa kidato cha tatu. Sasa akiinuka kufuata glasi ya maji, sauti inamfuata kutoka jikoni:

"Unakwenda wapi?"

"Maji, mama."

"Maji yana miguu. Yatakuja."

Mumewe, Sabri, alikuwa mpishi wa hoteli huko Bahari ya Shamu, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwenye simu alikuwa na jibu moja tu: "Mvumilie mama, mpenzi. Unamjua." Rawya alimjua, ndiyo. Asichokijua ni kwa nini mwanamke mkali kiasi kile alibadilika rangi kila alipomwona karibu na ngazi.

Mwezi wa saba ndipo mambo yalipochacha. Daktari Ragaa, mwanamke kijana mwenye kliniki ndogo nyuma ya soko, alimpima sukari saa mbili baada ya chakula, akakuta mia moja sitini na nane. Akavua miwani.

"Hii ni sukari ya mimba. Nakupa wiki mbili, Rawya. Punguza vitamu, na utembee nusu saa baada ya kila mlo. Mtoto yuko salama, mlango wa kizazi umefunga vizuri, huna sababu ya kukaa. Ikishuka, tunaendelea hivyo hivyo. Isiposhuka, tunaanza sindano kila siku."

Rawya hakuiogopa mechi yoyote maishani mwake, ila sindano aliiogopa tangu utotoni. Hajati, aliyesikia kila neno, alisubiri mpaka wafike ngazini kwao, akamwekea kigoda apumzike kwenye ghorofa ya kwanza, kisha akauliza kwa dharau:

"Huyo binti mwenye miwani amezaa wangapi?"

"Hajaolewa, mama."

"Basi tumemaliza. Kaa."

Ikamalizika, kwa upande wa Hajati. Kutembea barabarani kusingewezekana, maana roshani ilikuwa na macho mawili na kikapu. Kuzunguka sebuleni kusingewezekana, maana sebule ilikuwa imejazwa seti ya viti vya dhahabu alivyokuja navyo Hajati alipoolewa, vimefunikwa plastiki, na hakuna makalio yaliyoruhusiwa kuvigusa isipokuwa ya wachumba na ya wafiwa. Usiku ule Rawya alilala akitazama dari. Akakumbuka kwamba juu ya ile dari kuna paa.

Asubuhi alisema, kwa sauti ya mtu asiye na habari, "Mama, kamba ya nguo pale roshani iko mbali. Naogopa kuinama nje na tumbo hili. Nikaanike juu?"

Hajati alipiga hesabu. Kuinama roshani ghorofa ya tano, au vidato kumi na viwili hadi paani? Magoti yake mwenyewe hayakuwa yamepanda huko kwa miaka mitatu. "Shuka moja tu," alisema. "Na pole pole kama bibi harusi."

Ah, paa! Jua, upepo, njiwa wa jirani wakigeuka wote kwa pamoja hewani. Rawya alianika shuka lake la maua ya buluu kwenye kamba ya mbele ili limfiche, akafunga vizuri kitambaa cha kichwa, akaanza. Tangi la maji, madishi ya televisheni, banda tupu la bata, kona, na tena. Mzunguko mmoja, hatua hamsini. Alipofika wa kumi alikuwa anacheka peke yake. Alipofika wa ishirini mtoto alianza kumpiga teke, naye akamwambia, "Subiri, wewe bado ni mchezaji wa akiba." Alipomaliza arobaini alilichukua shuka, akateremka na mashavu mekundu.

"Mbona unahema?" Hajati akauliza.

"Furaha ya jua, mama."

Baada ya chakula cha mchana, Hajati alipolala redio ikisoma Kurani kifuani pake, Rawya alilichovya shuka lile lile kwenye ndoo na kupanda tena. Ikawa hivyo kila siku, mara mbili, shuka moja. Wali wa maziwa aliuficha kwenye kopo na kumpa bawabu. Usingizi ukawa mtamu, miguu iliyokuwa imevimba ikaanza kuonyesha vifundo vyake, na moyoni alikuwa akihesabu siku kama mtoto anayengoja Idi. Je, sukari imeshuka? Hakuwa na kipimo nyumbani. Alikuwa na mizunguko tu.

Kosa lake lilikuwa moja. Alisahau kwamba Shubra watu husoma nguo za kamba kama wengine wanavyosoma gazeti.

Jengo la jirani aliishi Mama Wagdi, mwenye wale njiwa. Kwa siku kumi na tatu alilitazama lile shuka la maua ya buluu likianikwa bichi asubuhi, likianikwa bichi alasiri. Nani hufua shuka moja mara mbili kwa siku? Mwenye mtoto mchanga, mwenye mgonjwa, au mwenye mimba anayevuja damu na kuficha. Mtoto mchanga hayupo, mgonjwa hayupo. Mama Wagdi alijipiga kifua, akakamata simu kumpigia Hajati.

Rawya alikuwa mzunguko wa thelathini na nane wa mchana aliposikia kishindo ngazini. Hajati Tafida alitokea paani bila kitambaa cha kichwa, bila viatu, akiwa ameshika ukuta kwa mikono miwili.

"Usitembee! Kaa chini! Tangu lini?"

"Tangu lini nini, mama?"

"Damu! Siku ngapi unafua damu na kunificha?"

"Damu gani? Mama, naapa, sina damu! Natembea tu! Ni mazoezi!"

"Unatoka damu na unatembea!" Hajati alipiga yowe lililowatoa njiwa wote mabandani. "Wagdi! Enyi watoto wa Wagdi! Yamenikuta!"

Ndani ya dakika tano walifika wanaume wanne, Wagdi, mwana wa yule mama mwenye njiwa, na wanawe watatu, wamejaza mlango. Wambebe kwa kitu gani? Hajati aliingia sebuleni, akaichana plastiki ya miaka arobaini kwa mkono wake mwenyewe, akatoa kiti cha dhahabu. Rawya akakalishwa. Akainuliwa.

"Nishusheni! Nina miguu!" alipiga kelele ghorofa ya nne.

"Tulia, mwanangu, usijikaze!" Hajati akapaza kutoka nyuma.

"Ngazi hizi nazipanda mimi zaidi yenu!" alipiga kelele ghorofa ya pili, na kila mlango ukafunguka, na wanawake wakamsomea Kurani kichwani alipokuwa akipita hewani kama bibi harusi kwa mara ya pili. Nyuma yao Hajati aliruka vidato viwili viwili, akilia, magoti yasiyopanda paa yakishuka ghorofa tano.

Daktari Ragaa alimlaza, akampima, akatafuta hiyo damu asiione. Akaweka mashine tumboni, na chumba kikajaa mapigo ya moyo wa mtoto, ya haraka, yenye nguvu. Hajati akaketi sakafuni.

"Ulikula saa ngapi?" daktari akamuuliza Rawya.

"Saa mbili zilizopita."

"Basi tusingoje kesho." Akachoma kidole. Rawya alifumba macho. Wagdi na wanawe, huko nje, walitega sikio mlangoni bila kujua wanasubiri nini.

"Mia moja kumi na nane."

"Ngapi?"

"Mia moja kumi na nane, Rawya! Imeshuka! Hakuna sindano!"

Rawya alipiga ukelele wa bao la dakika ya mwisho, mikono juu, shuka la kliniki likaanguka. Akacheka, akalia, akamweleza daktari kila kitu, tangi, madishi, shuka, mizunguko themanini kwa siku. Kisha akageuka kwa woga kumtazama mama mkwe wake, akitegemea matusi.

Hajati hakutukana. Aliuliza kwa sauti ndogo ambayo Rawya hakuwahi kuisikia.

"Daktari. Mimi mtoto wangu wa kwanza alitoka mimba ya miezi mitano. Maji hayakuwa yakipanda juu siku hizo, nilibeba ndoo kwenye ngazi zile zile zetu. Maumivu yalinishika ghorofa ya tatu. Mama mkwe wangu alisema ni miguu yangu. Jengo zima lilisema." Akafuta pua. "Miaka arobaini na moja. Ni miguu yangu?"

Daktari Ragaa aliketi sakafuni pale pale, na koti lake jeupe.

"Sikuwepo, Hajati, siwezi kukuambia kilichomchukua. Lakini mimba nyingi zinazotoka hazitolewi na ngazi, na wanawake wengi walibeba maji wakazaa salama. Waliokulaumu hawakujua chochote. Hawakuwa na haki."

Hajati alilia kwa sauti, bila kuona haya, mkono wake ndani ya mkono wa Rawya. Rawya naye akaelewa, na hasira yote ya ile miezi ya kochi ikamtoka.

Waliporudi, Wagdi na wanawe waliweka kiti mlangoni mwa jengo. Goti la Hajati lilikuwa limevimba kama tikiti.

"Haya, mbebeni," Rawya aliamuru, na firimbi ilisikika ndani ya sauti yake.

"Huyu?" Wagdi alishika kiuno. "Huyu ni mzito kuliko mimba yako!"

"Kelele, mfuga njiwa we!" Hajati akasema, lakini akaketi, kwenye dhahabu yake isiyo na plastiki. Wakapanda, Rawya mbele kwa miguu yake, akihesabu vidato kwa sauti, majirani wakipiga vigelegele. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Walipofika ya tatu Hajati aligonga mkono wa kiti.

"Nishusheni hapa."

"Hajati, goti lako!"

"Hapa, nimesema."

Alisimama pale ukutani, pahali palepale, akapashika kwa kiganja. Kisha akakunja gauni lake, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza cha ghorofa ya nne. Juu yake Rawya alikuwa ameshatangulia vidato sita.

"We mwanangu!" Hajati alimwita. "Usikimbie. Nisubiri."