Hapa Hakuna Tundu

Papa Donat alifunga matundu kwa miaka minne kabla mtu hajamwambia kwamba ile ilikuwa milango.

Yalikuwa matundu madogo, urefu wa kidole gumba, katika mikoba ya mgongoni ambayo mke wake, Régine, anauza pembeni mwa soko, mtaa wa Katuba. Ni mikoba ya mitumba. Inafika Lubumbashi kutoka Zambia, imekandamizwa ndani ya robota liitwalo balo, na kabla ya hapo ilibebwa na watu wa mbali wanaoingia porini kwa hiari yao, wengine kuwinda, wengine kutembea tu. Hao wa pili Donat hajawaelewa mpaka leo. Anashika kitambaa chembamba kama ganda la kitunguu, anakivuta, hakichaniki, na anajiuliza ni safari gani hiyo inayomtaka mtu abebe nyumba yake yote bila kusikia uzito.

Wepesi wenyewe unawatia wateja wasiwasi.

"Mama, iyi iko mwepesi sana. Itapasuka mbele ya kufika Kasenga."

Régine habishani. Anatia mfuko wa unga ndani ya mkoba, anauning'iniza kwa ukanda mmoja, na kuuacha ubembee mbele ya pua ya mteja.

"Inapasuka? Angalia muzuri. Weye njo utapasuka mbele yake."

Donat anakaa nyuma yake, kwenye kiti kifupi, na sindano. Baba yake alitoka Kongolo akaja kufanya kazi ya reli, na yeye mwenyewe alishona viti vya mabehewa mpaka alipostaafu. Jicho lake lilifundishwa kutafuta kasoro. Kila mkoba ukitoka kwenye balo aliuinua juani, na karibu kila mmoja ulikuwa na tundu mahali pale pale, juu, karibu na bega. Alifikiri sana juu ya jambo hilo. Mikoba mingi ilikuwa ya wawindaji, na hapo akapata jibu.

"Ni bunduki," alimweleza mke wake. "Njo inachubua pale."

Tena, kando ya baadhi ya matundu palichorwa tone dogo la maji. "Unaona? Benyewe banajua. Banaandika: mvua inaingia hapa."

Basi akayafunga. Alichomoa uzi ndani ya pindo la mkoba wenyewe, ili rangi isitofautiane, na alishona kwa mishono midogo kiasi kwamba ukipitisha kucha haikwami. Jirani mmoja aliwaandikia kibao kwa rangi nyekundu: HAPA HAKUNA TUNDU. Watu walikuja kwa ajili ya kibao. Waliokuja mara ya pili walikuja kwa ajili ya mkono wa Donat.

Jumanne moja ya mvua alifika Myriam, dada wa viatu vizito vyenye udongo mwekundu, anayeongoza kundi la watu wanaochukua sampuli za udongo porini, upande wa Kinsevere. Alitaka mikoba kumi na miwili. Régine alimchagulia yote mizuri, akaipanga juu ya turubai. Myriam akauchukua wa kwanza, akapapasa begani, akauweka. Akauchukua wa pili. Kwenye wa tatu akainua kichwa.

"Mama, nani alifunga iyi tundu?"

"Bwana yangu," Régine akajibu kwa fahari. "Katuba nzima, utapata wapi muntu anashona vile?"

"Lakini tundu iko ya kazi! Ndani munawekaka mufuko ya mupira, ya mayi. Kamupira kembamba kanatokea hapa, kanafika ku kinywa. Unatembea, unakunywa, mikono iko bure."

Donat alisimama. Alitazama tone la maji lililochorwa, akamtazama Myriam, akarudi kwenye tone.

"Mutoto wangu, juu ya nini muntu asisimame, akunywe?"

Myriam aliugeuza mkoba, akaupapasa tena begani.

"Banaendaka mbio, papa," alisema, bila hakika. "Sasa, ufungule tu. Nitarudia siku ya posho, Jumamosi. Kama zote ziko wazi, nitabeba zote."

Régine alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kitenge. "Miaka mine, Donat! Unafunga mulango ya bantu!" Alipoona mumewe hacheki, akamsogezea kikombe cha chai.

Donat hakuwa na wasiwasi juu ya mikoba hiyo peke yake. Aliwaza mikoba yote aliyokwisha kuiachia iende, ikiwa migongoni mwa watu, na mkono wake juu yake. Kama alikuwa akitengeneza kitu kizima, basi alikuwa fundi wa nini?

Alianza kufumua siku ile ile. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona, maana adui alikuwa yeye mwenyewe, na adui huyo alishona vizuri. Kila alipofungua tundu moja, mashaka yalizidi. Akavitazama vitanzi vya mpira vilivyoning'inia chini ya mikoba. Alishavikata vingi akidhani ni mabaki ya uzi. Akakitazama kifungio cha kifuani, chenye kijishimo. Akakipuliza. Kikalia kama firimbi ya refa, na Régine akaangusha unga.

"Donat! Ni nini?"

"Kifungio."

"Kifungio kinalia?"

"Sijue tena. Miye sijue tena kintu yoyote."

Siku ya Alhamisi alipita Chomba, mchuuzi wa samaki, anayekwenda Kasenga na kurudi na mkoba alionunua kwa Régine. Donat akamwita, akamweleza kosa, akaomba amfungulie tundu lake bure.

"Ufungule nini, muzee?" Chomba akaukumbatia mkoba kama mtoto mchanga. "Samaki yangu ikunywe mvua? Nilinunua juu ya ile tundu haiko! Acha na akili ya bazungu."

Kwa hiyo tundu lilikuwa kosa, na halikuwa kosa. Donat akarudi kwenye kiti chake.

Kufikia Ijumaa alikuwa amefungua kumi na moja. Wa kumi na mbili, wa rangi ya majivu, haukuwa na tone lililochorwa, wala hakuona mshono. Aliuinua juani. Aliupuliza kwa ndani. Alimwaga maji begani, akangoja yapite, hayakupita. Alipitisha kucha, halafu ncha ya ulimi.

"Iyi ulifunga?" Régine akauliza.

"Nilifunga zote."

"Sasa mushono iko wapi?"

"Kama nilifunga muzuri, hautaonekana. Kama sikufunga, hautaonekana."

"Basi kata tundu mupya, tulale. Dada atajua nini?"

Akachukua mkasi. Akaweka ncha kwenye kitambaa, karibu na bega, akakaa hivyo mpaka mke wake alipogeuka kumtazama. Halafu akaurudisha mkasi chini.

"Sitakata kintu kizima. Nilishakosa mara moja, inatosha."

Jumamosi Myriam alikuja. Kabla hajagusa chochote Donat alimwambia kwamba kumi na moja ilikuwa wazi, na wa kumi na mbili hajui. Myriam akaupapasa, akaugeuza ndani nje, akauma mdomo.

"Papa, nawaza hapa hapakukuwaka tundu."

"Uko na hakika?"

Akapapasa tena, muda mrefu.

"Hapana," akasema, na safari hii walicheka wote watatu.

Akachukua kumi na moja. Régine akautundika ule wa majivu mbele, chini ya kibao, lakini mteja wa kwanza alipouliza bei Donat alisema hauuzwi. Mke wake alimkazia macho, akaacha. Jioni Donat akatia ndani mkasi, sindano, nyuzi na chupa ya maji, akauvaa, yeye ambaye hakuwahi kuvaa hata mmoja. Hakusikia uzito.

Njiani kuelekea nyumbani kiu ilimshika. Akasimama, akatua mkoba, akanywa kwa utaratibu, huku pikipiki zikimpita. Akauvaa tena. Baada ya hatua chache mkono wake wa kuume ulipanda wenyewe begani, ukaanza kutafuta tundu, au mshono.