Maneno Aliyomwekea Binti wa Sinema

Niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Aliyeniharibia maisha ni mdogo wangu wa kiume, tumbo moja na mimi.

Alikuwa akitafsiri sinema kwenye kibanda cha video pale mtaani kwetu Ipuli. Wachina wanapigana, yeye na kipaza sauti chake anawasemea Kiswahili cha mtaani. Siku moja Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini akampa sinema ya kale aliyoachiwa na babu yake. Hapo mwanzo sinema hiyo ilikuwa mchezo wa kuimba jukwaani huko Ulaya, ulipendwa sana, wakaugeuza sinema wakati picha hazijapata sauti. Basi hata nyimbo zenyewe hazimo. Midomo inafunguka tu. Mwenye duka simlaumu.

Nilikwenda kuitazama Jumapili mchana na fundi seremala aliyenichumbia. Siku ya ndoa ilishapangwa. Alijua niliwahi kuolewa kijijini Ipole. Hakujua kwamba yule mume, mkulima wa tumbaku, alinipiga teke nikiwa na mimba ya miezi saba, hospitali wakaniokoa kwa kunitoa kizazi. Nilitaka kumwambia mwenyewe. Aliyejua ni mdogo wangu tu, ndiye aliyenibeba kwenye baiskeli.

Ikafika mahali binti wa mwenye kinu cha kusaga nafaka analia dirishani, askari wa farasi kampigia goti. Analia, analia. Mdogo wangu maneno yakamwishia. Watu wakaanza kumzomea, wakimuuliza kama amemeza kipaza sauti. Akachukua yangu.

“Usinioe, bwana,” akasema kwa sauti nyembamba. “Mume wa Ipole alinipiga teke, kizazi kikatolewa. Mtoto utampata wapi?”

“Kumbe hata Ulaya kuna Ipole!” akasema mama mmoja nyuma yetu. Kibanda kizima kikacheka.

Fundi hakucheka. Akaniuliza polepole, “Ni wewe?”

Nikamwambia ndiyo.

Akainuka, akapita mbele ya picha, kivuli chake kikamfunika yule binti. Kesho yake mshenga akaja kusema wameahirisha. Wameahirisha mpaka leo. Huyo fundi naye namlaumu, alioa kwingine, ana watoto sita.

Mdogo wangu alijitetea hivi: “Dada, yule mwanamke wa sinema alikosa sababu ya kulia.”

Tangu hapo akiniamkia simwitikii. Siku tuliyomzika mama alisema shikamoo mbele ya watu wote, wajomba wakaniamuru niitikie. Nikaendelea kuchambua mchele.