Maswali ya Chini ya Meza

Fundi cherehani wa duka la jirani hushona pini zikiwa mdomoni, na bado humjibu bintiye anayecheza chini ya meza.

"Mama, mbona nzi haanguki darini?"

"Miguu yake inanata."

"Mbona yetu hainati?"

"Tusingeweza kuvua viatu, mwanangu."

Akiulizwa rangi tu ndipo hurudisha swali: "Wewe unaionaje?" Mtoto akishataja, mama hupapasa kopo la uzi, na sindano humpa mtoto amtungie. Mimi nauza vitambaa. Mtu anayejibu swali kwa swali namjua, anavuta muda. Huyu nilidhani anafundisha. Jana mtoto amelala, mteja akaleta sare ya buluu ikunjwe pindo. Fundi akaishona palepale, mshono umenyooka kama rula, kwa uzi mwekundu.

"Fundi, leo macho umeyaacha nyumbani?" mteja akauliza, akicheka.

Fundi hakucheka. Alipitisha kidole kwenye pindo, akarudia, kama anayetafuta kosa kwa ngozi. Kisha akainama chini ya meza, akamtikisa mtoto taratibu.

"Amka, mwanangu. Niulize huu uzi ni rangi gani."