Kadi ya Wifi Yake

Siku mapatano yalipotiwa sahihi, nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Nilikuwa muuguzi katika hospitali ya serikali mjini Kolwezi. Tulipangwa uani tangu asubuhi, akina mama wakicheza na kuimba mbele ya wakubwa, na wakubwa wakatueleza kwamba sasa serikali na kampani ya madini zitatibu watu pamoja. Sisi tulikuwa na wagonjwa tele na chumba cha upasuaji kisicho na kitu. Hospitali ya kampani ilikuwa na madaktari, dawa, na vitanda vilivyokaa vitupu, ila ilipokea wafanyakazi wake na jamaa zao tu, wenye kadi ya kampani. Tangu siku hiyo, mgonjwa wetu mahututi angepelekwa kwao. Alichohitaji ni karatasi moja, tuliyoiita bon.

Bon ilitaka sahihi tatu: ya daktari wetu, ya mkaguzi wa afya wa serikali, na ya ofisi ya kampani. Mimi ndiye niliyewekwa kwenye meza ya bon. Niliwarudisha watu wengi. Mzee mmoja mwenye henia nilimrudisha mara mbili kwa sababu muhuri wake ulikuwa umefifia. Sikuona kwamba nafanya vibaya. Niliona nafanya kazi.

Kisha akaletwa dada yangu mdogo.

Aliolewa na mwalimu wa shule ya serikali upande wa Dilolo. Walifika kwa treni asubuhi, yeye akiwa na uchungu tangu jana yake, mume akimshika kiuno na kuomba radhi kwa kila mtu waliyempita. Daktari wetu alimpima akaniita kando. Mtoto amekaa vibaya, akasema, hatatoka bila kupasuliwa, na hapa sina hata dawa ya kumlaza usingizi. Akatia sahihi yake pale pale.

Nilikimbia kwa mkaguzi. Karani wake akanijibu kwa upole kwamba mkaguzi yuko Lubumbashi kwenye mkutano, na muhuri umefungiwa mezani. Mkutano wenyewe, akaniambia, ulihusu mapatano yetu.

Nikaenda hospitali ya kampani na sahihi moja. Kwenye dirisha la mapokezi nilimkuta mtu niliyesoma naye Kapata, tulikokulia katika nyumba za kampani, kwa maana baba yetu alichimba shaba miaka yote. Nikamkumbusha kwamba dada yangu alizaliwa katika maternité hiyo hiyo, ukuta wa pili kutoka alipokaa. Alijua. Akaitazama karatasi, akanirudishia.

"Kaka, weye mwenyewe unajua," alisema. "Kama ni mi nakuletea hii, ungekubali?"

Nilisimama pale na hasira isiyo na pa kwenda, kwa sababu kila mtu niliyemkuta siku hiyo alikuwa na adabu na hakuna aliyenisaidia.

Mkunga mmoja wa hapo, mama wa asili ya Kasai, mtu mzima, alikuwa amesikia. Akanifuata nje akaniuliza kama kuna yeyote kwetu anayefanya kazi kampani. Nikamwambia kaka yetu mkubwa yuko mgodini Mutoshi.

"Iko na bibi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi, lete kadi ya bibi yake. Dada yenu ataingia na ile jina. Na bwana yake abakie inje, asiseme kitu."

Nilielewa alichosema, nikaona aibu hata kabla sijajibu. Dada yetu angeandikwa mke wa kaka yake mwenyewe, tumbo moja. Kwetu mtu hatamki jambo hilo hata kwa utani. Lakini nilipanda baiskeli hadi Kapata, na shemeji yangu, mke wa kaka, akanipa kadi bila kuniuliza neno. Alijifunga tu kitambaa, akaenda kanisani kumwombea.

Adhuhuri dada yangu alipasuliwa, akazaa mtoto wa kiume mzima. Mkunga alipotoka alimpita mwalimu langoni, akamwambia polepole, bila kusimama: "Tata, ni mwanaume. Yee na mama yake, bote biko muzuri." Mwalimu alikaa chini kwenye vumbi na suti yake ya abacost, akalia.

Hakuruhusiwa kuwaona kwa siku nane. Kila alasiri kaka yetu ndiye aliyeingia kama mume, akasimama mbali na kitanda, akitazama dirisha, kisha akatoka kumweleza mwalimu mtoto anafanana na nani.

Cheti cha kuzaliwa kilitolewa kwa jina la kaka, kama ndiye baba. Mwalimu alikisoma mara moja, akakikunja, akanikabidhi mimi, kwa sababu nilikuwa mtu wa makaratasi. Kukisahihisha kulitaka barua ya hospitali zote mbili, na kila upande uliniambia nianze kwa mwenzake. Nilianza mara nyingi. Mtoto aliingia shule kwa jina la mjomba wake, darasani kwa baba yake mzazi, ambaye kila asubuhi alilisoma jina hilo kwenye daftari la mahudhurio na kungoja mwanawe aitikie.