Kitanda cha Mto

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, mto wa kijijini kwetu ulikuwa na maji wiki chache tu kwa mwaka. Miezi iliyobaki ulikuwa mchanga mtupu, na akina mama walichimba humo vishimo vya kuteka maji. Kuchimba, ruksa. Kulala humo, mwiko. Sisi Wagogo wa pale, mpakani mwa hifadhi, tuliambiwa mto haufi, husafiri tu. Na kitanda cha msafiri hakilaliwi.

Baba mdogo, kitindamimba wa bibi, alikuwa dereva wa watalii. Siku hiyo alikuja na landkruza ya tajiri wake, mahema juu, wageni wanne ndani. Alikuwa amewafundisha kusalimia "mbukwenyi". Walivyoitamka, tulicheka hadi machozi. Kisha akateremsha gari mchangani, akaanza kusimamisha mahema.

"Mwanangu, si hapo," bibi alimwambia. "Mwenyewe kasafiri, hajafa."

"Akirudi tutasogea, mama!"

"Huyo harudi kwa hodi."

Mgeni mmoja akauliza bibi anasema nini. Baba mdogo akamjibu kwa Kiingereza: anawakaribisha sana.

Mto ulirudi kesho yake alasiri, jua likiwaka, juu yetu hakuna hata wingu. Tulisikia mngurumo kwanza. Baba mdogo aliwakimbiza wageni wote hadi juu ya mwamba, halafu akarudi kuokoa gari. Magurudumu yalikuwa yamezama.

"Achia gari! Achia!" bibi alipiga kelele.

"Gari la watu hili, mama!"

Alikufa kwa ajili ya gari la watu.

Matangani, mimi nikajitia kimbelembele. Nilikuwa najivunia bibi yangu. "Bibi alijua!" nikasema. "Alimwambia mwenyewe atarudi!" Wazee wakaniita mbele, nirudie. Nikarudia vizuri, na mikono nikarusha.

"Alijuaje?" akauliza mmoja wao.

Hapo ndipo ningepaswa kusema kwamba jioni mbili mfululizo bibi alinionyesha umeme ukipiga kwenye milima ya mbali, mto unakotokea. Mvua ilinyesha huko, maji yakatufikia sisi. Basi! Lakini sikulisema. Umeme haukunoga kama msafiri anayerudi kitandani kwake. Kufika arobaini, bibi alikuwa mchawi aliyemuita mto ummeze mwanawe. Hakuna aliyemgusa, walimwacha tu: asisalimiwe, asiazimwe hata moto. Mama akahama naye, mimi nikiwemo, hadi Ihumwa, pembeni mwa Dodoma mjini, kwenye chumba kisicho na shamba wala mzee mwenzake wa kuongea naye Kigogo chake.

Leo chuoni naitwa kusimama kwenye midahalo ya mila potofu, na nashinda. Wasomi wananipigia makofi nikisema mwiko ule ulikuwa maarifa ya watu waliozikana mchangani, na uchawi ni jina tunalompa mwanamke mzee aliyesema kweli mapema. Nasema kwa hasira, na hasira yangu ni ya haki. Ila haifiki kule kijijini. Aliyeuliza "alijuaje" alishakufa akiamini jibu lake, na wajukuu zake wanaliamini.

Bibi tulimzika Ihumwa. Kutoka kijijini hakuja hata mmoja. Miaka yote tuliyolala naye chumba kimoja hakuwahi kuniuliza kwa nini nilisema nusu. Mimi nilijua kwamba anajua, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia.