Vijiti Kumi vya Ziada

Obed alimjua Teodori siku alipokwenda kununua vifaa vyake kwa bei ya kutupa.

Mwaka ule, tisini na nne, serikali ilikuwa inapunguza watu, na Obed alikuwa ameshajifunza jambo moja: aliyepunguzwa kazini huuza kitanda mwezi wa sita tangu aachishwe, baiskeli mwezi wa nne, na vifaa vya kazi mwezi wa tatu. Kwa hiyo alizunguka Milanzi nyumba kwa nyumba akiwahi mwezi wa tatu. Alikuwa ameanza na marobota ya mitumba, akaingia kwenye mahindi pale wanunuzi binafsi walipofunguliwa milango, akapata Fuso kuukuu, na sasa alikuwa na karatasi ya ukandarasi wa daraja la chini kabisa. Mkononi alikuwa na kazi moja: daraja dogo la zege juu ya kijito, kwenye barabara iendayo Ilemba, kabla haijaanza kuteremka bondeni. Akilimaliza kwa wakati, angepewa la pili na pengine la tatu. Akichelewa, kulikuwa na mkandarasi wa Mbeya anayesubiri na greda lake mwenyewe.

Alimkuta Teodori uani, mtu wa miaka hamsini na ushee aliyepunguzwa idara ya ujenzi, koti limefungwa vifungo vyote, anakwangua kutu kwenye koleo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye yule unayenunua pima maji?"

"Nanunua chochote kisichokula."

Teodori hakucheka, lakini mkewe Klementina alicheka kule jikoni, na Obed akajua nyumba hii wataelewana. Walivutana juu ya toroli, wakavutana juu ya pima maji, kila kitu kikashuka mpaka pale Obed alipopataka. Kisha akaona ubao umeegemezwa ukutani. Ulikuwa mrefu kama mlango, umetobolewa matundu mistari kwa mistari, na baadhi ya matundu yalikuwa na vijiti, vyeupe juu, vyeusi chini.

"Na hilo bao la nini?"

"Hili si bao. Huu ni ubao, na hauuzwi."

Hapo ndipo Obed alipokaa chini. Kitu ambacho mtu mwenye njaa hakiuzi kina thamani.

Teodori akamweleza. Kila mstari ni kazi moja: kuchimba, msingi, kuta, kufunga nondo, kumwaga zege. Vijiti vyeupe ni siku zilizopangwa. Vyeusi, ambavyo huvikausha juu ya moshi mpaka vinashika masizi, ni siku zilizofanyika kweli. Asubuhi, kabla koleo halijatoka stoo, mafundi wote husimama mbele ya ubao. Asiyejua kusoma anaona kwa macho yake kazi iko wapi, imechelewa au imewahi. Zege likishamwagwa, mstari wake unakuwa wa kungoja: kila asubuhi kijiti kimoja cheusi, na mpaka vitimie ishirini na kimoja hakuna anayegusa mirunda iliyolishikilia kwa chini.

"Wengine wanaondoa siku ya kumi na nne," Obed alisema.

"Wengine wanajenga Dar. Huku Julai maji yanaganda kwenye ndoo. Zege nalo linasikia baridi, bosi. Halikomai haraka."

"Na kijiti nani anakitia?"

"Aliyeiona kazi kwa macho. Hakuna mwingine. Mkubwa wangu wa zamani aliwahi kuniambia nisogeze viwili kwa sababu waziri anapita. Nikamwambia asogeze waziri."

Safari hii Obed ndiye aliyecheka. Akamrudishia toroli na pima maji, akamwajiri yeye na ubao wake. Alijisifu moyoni: amepata mtu wa miaka ishirini na miwili ya kazi kwa mshahara wa nyapara.

Teodori alichonga ubao mpya kwa ajili ya daraja lile, mbao mbichi za mkaratusi, matundu meupe bado yanatoa harufu. Alimchukua pia Masalu, mwashi wa Kisukuma ambaye ukoo wake ulishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga ukaweka makazi Ilemba. Masalu hakuwa amekanyaga darasa hata siku moja. Lakini alikuwa mtu wa kwanza kufika mbele ya ubao kila asubuhi, na alikuwa anausoma kwa sauti kama katekista.

"Msingi, tumepita! Ukuta wa kulia, tumepita! Ukuta wa kushoto, mzee Teodori, umetuaibisha siku mbili!"

"Umekuaibisha wewe. Nani alikwenda mnadani Alhamisi?"

"Nilikwenda kumuona ndama wangu, mzee. Naye ana ubao wake."

Kazi ilikwenda vizuri mpaka Juni. Kisha Fuso ya Obed ikavunja ekseli ikiwa imebeba saruji kutoka Mbeya, ikalala njiani siku kumi. Kila asubuhi Teodori alisimama mbele ya ubao, akaviangalia vijiti vyeupe vinavyotangulia peke yao. Obed alichukia kuangalia kule kuliko matusi. Saruji ilipofika, Masalu alikuwa ameshapelekwa na vijana wanne nyuma ya kilima kuponda kokoto za daraja la pili. Alipiga kambi hukohuko. Zege likamwagwa na vibarua wa kijiji, wakalipwa, wakarudi kwenye ulezi wao uliokuwa unasubiri kuvunwa.

Siku ya nne baada ya zege, habari ikaja kwamba dada yake Teodori amefariki Wampembe, kule ziwani. Wampembe si mahali pa kwenda na kurudi. Teodori alifunga kifurushi chake, akaenda mpaka kwa Obed, akamkabidhi mfuko wa vijiti vyeusi.

"Nakuachia wewe mwenyewe. Kila asubuhi kimoja. Hata siku uliyokasirika, kimoja tu."

"Mzee, mimi nahesabu magunia tangu nina miaka tisa."

"Najua unahesabu," Teodori alisema. Akaondoka.

Siku ya tano Obed alitia kimoja. Siku ya sita alitia kimoja. Saa nne asubuhi hiyo akaletewa ujumbe kwamba injinia wa mkoa anakuja kesho kuangalia kama kazi inakwenda na mpango, na kwamba barua ya daraja la pili itategemea atakachokikuta.

Obed alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Vyeupe kumi na sita, vyeusi sita. Hakuona kama anamwibia mtu. Zege ni zege, liko pale, litakomaa tu. Kilichopungua ni siku, na siku zinakuja zenyewe bila kulipiwa. Angevitoa injinia akishaondoka. Akatia vijiti kumi, kimoja baada ya kingine, akivisukuma kwa kidole gumba.

Injinia alikuja, akatia cha kumi na saba kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu ubao ulimfurahisha. "Nani amebuni hii?" aliuliza.

"Ni utaratibu wetu wa kampuni," Obed akasema.

Injinia akampakia kwenye gari lake wakaenda mjini kuandika barua. Obed alidhani ni ya siku moja. Lakini barua ilitaka saini, na mwenye saini alikuwa na kikao, na mwenye muhuri alikuwa kwenye msiba. Obed hakuwa mtu wa kuiacha barua mezani kwa watu. Alikaa kwenye benchi siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vijiti alivikumbuka siku ya pili. Akajiambia hakuna mtu pale ila mlinzi.

Masalu alirudi kutoka kwenye kokoto siku hiyohiyo injinia alipoondoka, jioni. Asubuhi akausoma ubao, akakuta kumi na saba, akakuta mfuko umening'inia na hakuna wa kutia. Akatia yeye, kwa kuwa zege aliliona kwa macho yake, liko pale. Kumi na nane. Kesho yake kumi na tisa. Kila siku kijiti kimoja, kama alivyofundishwa. Siku ya nne vikatimia ishirini na kimoja, akawaambia vijana wake wapange kokoto upande wa juu, yeye akashuka chini na nyundo kuondoa mirunda.

Mlinzi, mzee Fransisko, ndiye aliyemwambia, na maneno hayo aliyarudia kwa kila mtu baadaye mpaka watu wakachoka naye: "Masalu, mbona zege hili kama la juzi juzi?"

Masalu alikuwa ameshaingia chini. "Wewe unahesabu kwa kichwa, mzee. Kichwa kina usingizi. Ubao haulali."

Aliondoa mirunda sita. Wa saba alikuwa ameushika mkononi zege liliposhuka.

Obed alipofika saa tisa mchana na barua mfukoni, walikuwa wameshamtoa. Wamemlaza kwenye majani, wamemfunika koti la mlinzi. Watu wa kijiji walikuwa wamesimama mbali kidogo, na hakuna aliyekuwa anamtazama Obed. Polisi walikuwa njiani. Alikwenda stoo, ambako ubao ulikuwa, akafunga mlango. Alivuta vijiti kumi kutoka mwishoni, akavitia mfukoni, akaacha kumi na kimoja, idadi ya siku za kweli. Akatoka nje.

Ikaandikwa kwamba marehemu, kwa kutojua kusoma wala kuhesabu, aliondoa mirunda siku kumi kabla ya wakati. Fransisko alisema aliyosema, lakini Fransisko naye hakuwa na hesabu. Vijana wa kokoto waliulizwa vijiti vilikuwa vingapi, wakasema vilikuwa vingi. Obed alitoa mbao za jeneza na gari la kumpeleka Masalu kwao Ilemba, na watu wakasema ni bosi mwenye utu.

Teodori alirudi siku ya tano baada ya mazishi, miguu imevimba kwa safari. Habari alikuwa ameshazisikia njiani, hakumuuliza mtu. Aliingia stoo, akasimama mbele ya ubao kama asubuhi zote. Kisha akauinua, akautoa nje juani, akauegemeza kwenye tanki la maji, akachuchumaa.

Obed alimfuata. "Pole na msiba, mzee. Na huku tumepata mwingine."

Teodori aliingiza ncha ya kidole kwenye tundu la kumi na mbili. Akaitoa, akaitazama. Ilikuwa nyeusi kwa masizi. Akaingiza kwenye la kumi na tatu, la kumi na nne, mpaka la ishirini na moja. Kwenye la ishirini na mbili kidole kilitoka safi, na unga kidogo wa mbao mbichi.

"Masalu alitia ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

Obed alifikiria bei zote. Alianza na ya chini. "Mzee, njoo tukae ofisini."

"Nakuuliza hapa."

"Vinne."

"Na kumi vya ziada?"

Obed akasema yale aliyokuwa ameyapanga: kwamba maneno haya yakitoka, daraja la pili limekufa, mafundi thelathini wanarudi kukaa barabarani, na Teodori mwenyewe ni wa kwanza, kwamba aliyekufa hafufuki, kwamba kuanzia mwezi ujao Teodori atakuwa meneja wa kazi zote, na nyumba yake ya Milanzi itaezekwa bati jipya. Aliyasema vizuri. Hata yeye alisikia kuwa ameyasema vizuri.

Teodori alijifuta masizi kidoleni. "Kitu kimoja," alisema mwishowe. "Mke wa Masalu, Debora, umwambie. Shemeji zake wanasema kaka yao alikufa kwa ujinga, na watoto wanasikia. Uende Ilemba, umwambie mumewe alihesabu sawasawa. Ya polisi mwachie Mungu. Bati lako sitaki."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Nipe wiki mbili."

Obed alikubali haraka kwa sababu ilikuwa bei ndogo mno, na kwa sababu hakukusudia kuilipa. Wiki mbili zikapita, akapeleka magunia ya mahindi. Mwezi ukapita, akapeleka bati. Yeye mwenyewe hakwenda.

Asubuhi moja ya Septemba Teodori hakuja kazini. Alikuwa ameufunga ule ubao kwenye baiskeli, ameshuka nao bondeni, mwendo wa siku nzima, mteremko wote akiivuta baiskeli breki mkononi. Aliuweka mbele ya Debora, akamshikisha kidole chake kwenye kila tundu jeusi. Wanasema Debora hakulia. Alisema, "Mtu aliyejua ng'ombe wa baba yake wote mia mbili kwa rangi. Nilijua hakukosea vijiti." Lakini aliyasema mbele ya Teodori tu. Wale shemeji walikuwa wameshagawana ng'ombe, na aibu ya kaka yao ilikuwa imewapa sababu.

Teodori hakurudi tena kwenye ujenzi. Alilima Milanzi, akatengeneza mipini ya majembe, akafa miaka sita baadaye akiwa na koti lilelile. Klementina aliuza pima maji, na aliyelinunua ni Obed, na safari hii hakuomba punguzo.

Obed alijenga daraja la pili, na la tatu, na shule, na magodauni. Amepanda madaraja ya ukandarasi mpaka yanapoishia. Kila eneo lake la kazi lina ubao wa matundu. Aliwaagiza mafundi wauige. Kila asubuhi anaupita, na kila asubuhi vyeusi vimekwenda sambamba na vyeupe, havijapungukiwa hata siku moja, kwa sababu wanyapara wake wote wanajua anachopenda kuona. Huwa anasimama, anaingiza kidole kwenye tundu, anakitazama. Kisha anachukua nyundo na kupanda juu kugonga zege mwenyewe, akisikiliza, kwa sababu hakuna tena mtu wa kumwambia kwamba amechelewa.