Amelala Kama Ataamka

Mchonga maandishi ya makaburi walimwita Bi Patasi, na jina lilimkaa: mwembamba, mkali wa ulimi, mwenye haraka. Karakana yake ilikuwa uani, na mdogo wake wa kike ndiye aliyesugua mawe.

Siku moja akaja fundi saa, mgane wa mwaka mzima, kuagiza jiwe la mkewe. Alitaka liandikwe: Amelala kana kwamba ataamka.

Jiwe lilikuwa jembamba. Bi Patasi akapima, akaguna, akachonga: Amelala kama ataamka.

"Dada, umeharibu," mdogo wake akasema. "'Kana kwamba' ni kuonekana hivyo wakati sivyo. Ukiweka 'kama' tupu, ni kama unauliza: ataamka, hataamka?"

"Wafu hawasahihishi insha, mdogo wangu." Wakacheka, jiwe likaenda kusimamishwa.

Haukupita muda fundi saa akarudi, macho yamemwiva, suruali imejaa udongo magotini.

"Dada, mbona umenifanyia hivi?" akauliza kwa upole. "Mimi nilishakubali kwamba amekufa. Sasa nikisoma pale, nabaki kumsubiri. Na jana aligonga."

Bi Patasi akachukua vifaa vyake. Wakaenda makaburini wote watatu, jua likiwaka. Kando ya jiwe palikuwa na viatu vya kike, vimepigwa rangi, vimeelekezwa njia ya kwenda nyumbani.

Bi Patasi akapiga magoti, akalisaga lile neno hadi likafutika, kisha akashika patasi na nyundo. Alipogonga, kitu kikajibu kutoka chini. Ko. Akagonga tena. Ko. Haukuwa mwangwi, kilichelewa, mithili ya mtu anayefikiri kwanza. Mdogo wake akamshika bega, kucha zikamwingia.

"Umesikia?" fundi saa akauliza, uso umemchangamka.

Bi Patasi akavitazama vile viatu.

"Sijasikia kitu, kaka. Ni nyundo yangu."

Akachonga 'kana kwamba' kwa herufi ndogo ndogo. Kila pigo lilijibiwa, hafifu, likazidi kufifia, hadi alipomaliza kukawa kimya. Fundi saa akasoma kwa sauti, akalia sana, akaokota viatu akaenda zake. Baadaye watu walisema amepata nafuu, ameanza tena kufungua kibanda chake.

Bi Patasi hakugonga tena jiwe lililokwisha kusimama kaburini. Mdogo wake alimwuliza mara moja tu:

"Dada, kwa nini ulimdanganya?"

"Ulitaka nimwambie achimbe?"